Mpangaji na Apange: Zana za Fundi katika Chumba cha Kodi

Lugha yetu ina neno moja lifanyalo kazi mbili. Mtu akikodi chumba twasema amepanga. Akiweka kila kitu mahali pake twasema pia amepanga. Huenda wazee waliotuachia neno hilo hawakukusudia kutufunza jambo, lakini funzo limo. Apangaye chumba asipange vitu hulipa kodi ya chumba kizima akafaidi nusu yake, na ile nusu ya pili huwaachia mende, panya na unyevu.

Leo twataka kusema na kundi la watu wasiotajwa sana magazetini. Hao ni wale ambao mchana wako kiwandani, bandarini, hospitalini au ofisini, na jioni wakirudi huketi kwenye cherehani, au hushika ukindu, au huchemsha rangi za batiki, ili mshahara upate mwenziwe. Tena wamo akina mama wengi ambao kazi hiyo ya mikono ndiyo mshahara wao wote. Wengi wa ndugu hao hawana karakana. Karakana yao ni chumba kimoja cha kupanga, ambacho usiku ni mahali pa kulala, mchana ni mahali pa kupokea wageni, na jioni ni mahali pa watoto kuandikia kazi za shule.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni dogo. Kitambaa cha mteja kikiota ukungu, fundi hulipa kutoka mfukoni mwake, na habari yake mbaya humtangulia mtaani. Kopo la dawa kali ya rangi likiachwa mvunguni, mtoto hulifikia kabla ya mama yake. Mwenye nyumba akiuona ukuta wake umejaa matundu ya misumari, mpangaji aweza kuambiwa atafute pengine ilhali kazi za watu hazijaisha. Kwa hiyo mpango wa vitu chumbani ni jambo la mshahara, la uhai na la makazi, yote kwa pamoja. Nasi twasema hivi: fundi mpangaji hana budi kupanga zana zake kwa namna ambayo ukuta utabaki mzima, watoto watabaki salama, na siku ya kuhama vyote vitatoka mlangoni kwa nusu siku.

Tupime kwanza chumba

Wengi wetu twaijua nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, Temeke, Manzese au Buguruni. Mbele iko baraza. Katikati wapita ukumbi. Vyumba vitatu viko huku na vitatu kule. Nyuma uko ua wenye jiko, bafu na choo. Kila chumba ni cha jamaa mmoja, na aghalabu kodi hudaiwa ya miezi 6 au ya mwaka mzima kabla mtu hajaingiza godoro. Aliyekwisha kulipa fedha nyingi namna hiyo kwa mara moja yampasa ajue amenunua nafasi kiasi gani.

Tuchukue chumba cha futi 10 kwa futi 10, yaani futi za mraba 100. Kitanda cha futi 4 kwa 6 chachukua futi 24. Kabati la futi 4 kwa 2 lachukua futi 8. Meza ya cherehani ya futi 3 kwa moja na nusu yachukua futi 4 na nusu. Mlango wahitaji kama futi 9 ili ufunguke pasipo kugonga kitu. Jumla ni futi 45 na nusu. Zilizobaki ni kama futi 54, nazo ndizo za watu kupita, watoto kulala, vyombo vya chakula kukaa na wageni kuketi. Fundi akizitandazia vitambaa sakafuni, mara moja nyumba nzima husimama.

Lakini hesabu hiyo ni ya sakafu peke yake, na hapo ndipo wengi wakosapo. Chumba kina kimo. Ukuta ukiwa wa futi 9, chumba hicho kina futi za ujazo 900, nasi twatumia kwa kawaida zile tu zinazofikiwa na kiuno. Angalieni mvungu. Kitanda hicho hicho kikiinuliwa kwa matofali manne yaliyotulia vema, hata mvungu uwe wa futi moja na nusu, chini yake kuna futi za ujazo 36. Hizo ni kama lita 1,000, yaani ujazo wa madebe 50 ya lita 20. Tukitoa nusu nzima kwa ajili ya pembe zisizojaa na njia ya hewa, bado yabaki madebe 25. Basi ghala ya fundi i papo hapo anapolala, haina kodi ya ziada, wala haimwombi mtu ruhusa.

Ukuta si wetu

Katika nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, mwenye nyumba aliijenga hazina yake ndani ya ukuta. Zidaka zilipangwa safu juu ya safu, zikarembwa kwa chokaa, na humo zikawekwa sahani za kigeni, vitabu na vyombo vya thamani. Miji hiyo miwili iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na mgeni apitaye huko hustaajabia kuona jinsi ukuta mmoja ulivyoweza kuwa kabati, pambo na fahari ya jamaa.

Sisi wapangaji hatuwezi kuiga zidaka, kwa kuwa ukuta si wetu. Msumari mmoja katika lipu duni huangusha kipande kama sahani, na kiangukacho huandikwa katika deni letu. Lakini watu wa pwani hiyo hiyo walikuwa na hekima nyingine, ya kitu kitundikwacho na kitu kisimamacho chenyewe. Walikuwa na susu, kile chombo cha kamba kinachoning'inia kutoka darini, ambamo chakula kilikaa mbali na paka na sisimizi. Wakulima wa bara nao walikuwa na uchaga, jukwaa la miti lililoinua mazao juu ya unyevu wa ardhi. Zidaka ni za mwenye nyumba. Susu na uchaga ni vya mtu awezaye kuhama, maana hufunguliwa kamba vikachukuliwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutafuta vyombo visimamavyo kwa miguu yao. Uchaga wa mianzi au wa mbao, wenye nguzo nne na vitanda vitatu vya kuwekea vitu, hufungwa kwa kamba imara ukasimama penye pembe ya chumba pasipo msumari hata mmoja. Vizito viwe chini na vyepesi viwe juu, na uchaga wenyewe ufungwe kwenye mguu wa kitanda au wa meza nzito, usije ukamwangukia mtoto apandaye. Tena uache nafasi ya upana wa mkono kati yake na ukuta, ili hewa ipite na mchwa wakianza kujenga waonekane mapema. Makreti ya soda yaliyochakaa yakipangwa moja juu ya jingine na kufungwa pamoja hutoa kazi ile ile kwa gharama ndogo.

La pili ni mlango. Nyuma ya kila mlango kuna ukuta wa bure ambao hakuna aujaliye. Gunia safi au khanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili ikishonwa mifuko safu kwa safu, ikatundikwa kwa kulabu mbili zilizopindwa juu ya ubao wa mlango, hubeba mikasi, futi ya kupimia, nyuzi, zipu, vifungo, brashi na chaki. Mwenye nyumba hana neno, maana mlango haukutobolewa.

La tatu ni sanduku la bati. Sisi tuliosoma katika shule za bweni twalijua sanduku hilo kama tujuavyo majina yetu: lilibeba sare, madaftari na sabuni, na kufuli yake ililinda heshima ya mwanafunzi. Hadi leo hatujaona chombo kimshindacho kwa kazi ya fundi mpangaji. Panya hawezi kulitafuna wala mchwa hawezi kulila. Laingia mvunguni, na siku ya kuhama hubebwa kichwani. Dosari yake ni moja, nayo ni kutoa jasho wakati wa unyevu. Basi litandikwe magazeti ndani, na magazeti hayo yabadilishwe kila mwezi. Hata gazeti hili, likiisha kusomwa, halitaona haya kufanya kazi hiyo.

Pamoja na sanduku ziko ndoo za rangi za lita 20 zenye vifuniko, zinazopatikana kwa wapaka rangi. Zikioshwa vema zafaa nyuzi, vipande vya vitambaa na nta. Kanuni yetu ni kwamba chombo cho chote kisizidi uzito ambao mtu mmoja aweza kuuinua peke yake, kama kilo 20 hivi. Sanduku lisiloinuka halifagiliwi chini yake, na mahali pasipofagiliwa ndipo mende wafanyapo makao.

Kila kazi na desturi yake

Fundi wa cherehani adui zake ni vumbi, unyevu na chumvi ya upepo wa bahari. Mashine ifunikwe kitambaa kila kazi iishapo, na itiwe mafuta yake mara kwa mara, la sivyo chuma huota kutu kimya kimya. Vitambaa visilazwe kimoja juu ya kingine kama chapati, maana akitafutwa wa chini wote huvurugika. Vikunjwe kwa kipimo kimoja na kusimamishwa ndani ya sanduku kama vitabu katika rafu, hata jicho lione pindo la kila kimoja. Sindano zitengwe kwa namba zake: 11 kwa vitambaa laini, 14 kwa pamba ya kawaida kama khanga na kitenge, 16 kwa vilivyo vizito zaidi, na 18 kwa jinzi na turubai. Sindano zikichanganywa katika kopo moja, fundi hushona jinzi kwa sindano ya hariri, ikavunjika, naye akailaumu mashine.

Kuhusu vipande vya mabaki yatupasa kusema ukweli. Hakuna fundi asiyevipenda, na hakuna kitu kijazacho chumba upesi kama hivyo. Kila kimoja chasemwa kitafaa siku moja, na siku hiyo haifiki. Dawa ni kuweka mpaka: ndoo moja na si zaidi. Ijaapo, fundi aketi ashone foronya, vishikio vya sufuria au shuka la viraka, ama awagawie jirani wanaojifunza kushona. Kijacho juu ya ndoo iliyojaa kisiingie chumbani.

Msusi wa mikeka na vikapu ana mambo yake. Ukindu ukiwekwa kabla haujakauka barabara huota ukungu, na ukungu wa fungu moja huenea mafungu yote. Wahenga walisema nazi mbovu harabu ya nzima. Ukiisha kutiwa rangi uanikwe kivulini, kwa kuwa jua kali hufifisha rangi. Kisha ufungwe mafungu kwa rangi, kila fungu na uzi wake, na utundikwe juu katika susu mahali pasipopata jua wala moshi wa jiko. Usifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, maana hutoa jasho humo. Kitambaa chembamba cha pamba chatosha kuzuia vumbi. Ukili uliokwisha kusukwa uviringishwe kama gurudumu na kuandikwa urefu wake kwenye kijikaratasi, ili siku ya kushona mkeka msusi asihangaike kupima upya.

Vitambaa vyote na ukindu wote vina maadui wa pamoja, nao ni masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Mwisho wa Februari na mwisho wa Septemba kila kitu kitolewe uani kipigwe na hewa, masanduku yapanguswe, na mvungu ufagiliwe hadi pembeni. Majani makavu ya mwarobaini, ambayo wazee wetu wamezoea kuyaweka kati ya nguo, yanafaa kuwafukuza wadudu. Walio mabondeni wana jambo la zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yalichukua roho za watu na mali zao, na maji huingia chumbani usiku pasipo kubisha hodi. Akaaye mahali pa namna hiyo asiweke mvunguni mali ya mteja hata siku moja. Aiweke juu kabisa ya uchaga, na mvunguni aweke visivyodhurika na maji.

Vitu visivyolala na mtoto

Sasa twaja kwenye neno zito kuliko yote. Mtengenezaji wa batiki hutumia nta, rangi, kostiki soda na haidrosalfaiti. Vitu hivi vyauzwa madukani kwa vipimo vidogo, aghalabu ndani ya mfuko mwembamba usio na maandishi, na mnunuzi hurudi navyo nyumbani kama arudivyo na sukari. Navyo si sukari.

Kostiki soda huunguza ngozi na macho, na ikimezwa huunguza koo hata kuacha kovu la maisha au kuua. Hunywa unyevu wa hewa ikageuka maji maji. Hula chuma cha aluminiamu na kutoa hewa iwezayo kushika moto, kwa hiyo isiwekwe wala isichanganywe katika sufuria ya aluminiamu. Chombo chake ni kopo gumu la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. Wakati wa kuichanganya, soda ndiyo iingizwe katika maji kidogo kidogo. Maji yasimwagwe juu ya soda, maana huchemka ghafula na kumrukia mtu usoni.

Haidrosalfaiti nayo yaogopa maji. Unga huo ukipata unyevu kidogo hupata joto wenyewe, hutoa moshi unaokaba pumzi, na waweza kuwaka moto pasipo kiberiti. Basi ukae katika kopo kavu lililofungwa barabara, juu ya uchaga, mbali na mtungi wa maji na mbali na dirisha linalovujisha mvua. Wala usichotwe kwa kijiko kilicholowa.

Nta iyeyushwe uani penye hewa, chombo chake kikiwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, isikae moja kwa moja juu ya makaa. Ikiwaka, isimwagiwe maji. Ifunikwe kifuniko na moto uondolewe chini yake. Wala mtu asiingize jiko la mkaa chumbani akafunga mlango kwa sababu mvua inanyesha, ati amalizie kazi ya kesho. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu waliolala pasipo kuwaamsha.

Katika chumba kimoja chenye watoto, vitu hivyo viwili vikali visikae mvunguni wala penye urefu wa mkono wa mtoto. Kila kimoja kiwe na sanduku lake dogo lenye kufuli, na jina lake liandikwe kwa herufi kubwa. Na hili tunalisema kwa msisitizo wote: dawa ya rangi isitiwe kamwe katika chupa ya soda, ya maji ya kunywa au ya juisi. Mtoto hasomi maandishi. Asomacho ni umbo la chupa. Ikitokea bahati mbaya mtu akameza kostiki soda, asilazimishwe kutapika, maana kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Asukutue kinywa kwa maji, apelekwe hospitali mara moja, na kopo lenyewe lichukuliwe ili mganga alione.

Ikiwa fundi hana mahali pa kufuli, basi asinunue akiba. Anunue kiasi cha kazi ya siku ile, akitumie akimalize. Bei ya rejareja ni kubwa kidogo, lakini ni ndogo mno kuliko bei ya jeneza dogo.

Amana na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na fundi wa chumbani ana mali za namna mbili. Iko mali yake, na iko mali ya watu. Kitambaa alicholeta mteja ni amana. Mwenyewe amekinunua kwa jasho lake, pengine kwa arusi ya binti yake, akakiacha kwetu kwa kutuamini. Amana hiyo isichanganyike na vitambaa vyetu hata kwa saa moja. Iwe na sanduku lake, na kila furushi libandikwe karatasi yenye jina, vipimo, fedha zilizotangulizwa na siku ya kuchukuliwa. Mteja akija afunguliwe sanduku mbele ya macho yake. Akiona mpango ule atarudi, tena ataleta wenzake.

Kwa mali yetu wenyewe, tuandike namba juu ya kila chombo: 1, 2, 3 na kuendelea, kisha katika daftari tuandike kilichomo ndani ya kila namba. Leo watu wengi wana simu ya kupigia picha, na picha ya chombo kilichofunguliwa ni shahidi mzuri wa kuambatana na daftari. Faida yake haihitaji maneno mengi. Fundi aliyesahau kwamba anazo zipu dazeni mbili hununua dazeni nyingine Kariakoo, akalipa na nauli juu yake. Mwisho wa mwaka fedha za namna hiyo zingelipa kodi ya mwezi.

Mwenye nyumba na jirani

Mengi yaharibikayo kati ya mpangaji na mwenye nyumba huharibika kwa kutosemwa mapema. Kabla ya kulipa kodi, fundi aeleze kwa adabu kazi aifanyayo: kwamba atashona jioni, au ataanika ukindu uani, au atachemsha rangi siku ya Jumamosi. Waagane ni wapi pa kuanikia, wapi pa kumwaga maji ya rangi, na kama kulabu moja katika mti wa paa yaruhusiwa au hairuhusiwi. Walilokubaliana liandikwe na kutiwa sahihi na wote wawili, hata kama ni karatasi moja ya daftari. Siku ya kuingia, kila ukuta upigwe picha jinsi ulivyo, ili ufa wa zamani usije ukawa deni jipya.

Ukumbi ni wa wote. Fundi aliyepanga masanduku yake ukumbini ameziba njia ya mgonjwa, ya mzee na ya kila mtu siku ya moto. Umeme nao ni wa wote pale ambapo mita ya LUKU ni moja kwa nyumba nzima. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa saa moja hula yuniti moja. Mota ya cherehani ya wati 100 hula yuniti moja kwa saa kumi. Fundi aijuaye hesabu hiyo huweza kuwaambia wenzake sehemu yake ya haki akailipa kabla hajadaiwa, na minong'ono ya uani ikakoma.

Wengi wakiungana

Tumeeleza ambayo mtu mmoja aweza kufanya katika futi 100. Lakini chumba kimoja kina mwisho wake, na baadhi ya vitu, hasa dawa za rangi, havistahili kulala na watu hata vikifungwa namna gani. Kwa hiyo twauliza: katika nyumba yenye vyumba sita, mafundi wawili au watatu washindweje kukodi pamoja stoo ndogo ya uani, wakaigawana kodi na funguo? Katika mtaa wenye wasusi kumi, washindweje kununua ukindu kwa pamoja na kuuweka mahali pamoja pakavu?

Mfano si wa kutafuta mbali. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba, vipande ambavyo mtu aweza kuvibeba kwapani. Alifariki mwaka 1972, lakini waliojifunza kwake hawakutawanyika kila mtu na brashi yake. Waliendelea kuchora pamoja Oysterbay, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika kinachojulikana ulimwenguni kwa jina lake. Kazi iliyoanza kwa zana chache ilipata mahali pake kwa sababu watu walikubali kukaa pamoja.

Milango ya msaada nayo iko. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa namna hii, na sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 2013 yaeleza jinsi kikundi kinavyoandikishwa. Lakini kikundi kisichoweza kutunza ndoo moja ya vipande hakitaweza kutunza ghala. Mazoezi ya ghala kubwa huanzia mvunguni.

Basi, ndugu wafanyakazi, Jumamosi hii kila fundi aliye katika chumba cha kupanga na atoe vitu vyote uani. Atenge mali yake na mali ya watu. Atazame kila kopo na kuliandika jina. Lisilojulikana ni la nini asimimine ovyo uani wala mferejini, alifunge na kumwuliza aliyemwuzia. Ainue kitanda, afagie, atandike magazeti, arudishe kila kitu kwa namba. Kazi hiyo ni ya siku moja na haihitaji mkopo. Jumatatu jioni atakaporudi kazini na kuketi kwenye cherehani yake, aunyoshe mkono gizani na kuushika mkasi pale pale alipouweka. Na mwenye nyumba akibisha hodi, amfungulie mlango pasipo hofu.